Shingo imelia, kichwa je?

Kinyozi wangu akishamaliza kunyoa hunipangusa shingo kwa taulo la moto, hunipaka spiriti, kisha huanza kunikanda kichwa kwa ncha za vidole, kama mtu anayebonyeza maembe sokoni akitafuta lililoiva. Hapo huwa nafumba macho. Shida ni hatua inayofuata. Mkono mmoja huja chini ya kidevu, mwingine nyuma ya kisogo, kichwa hupelekwa taratibu kushoto hadi kikomo, halafu ghafla husukumwa kupita hapo: ka! Jumamosi iliyopita mteja wa kiti cha jirani alifanyiwa hivyo, akashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia la mkaa. Zamu yangu ilipofika niliushika mkono wa kijana kabla haujafika kidevuni.

"Bro, unaogopa nini?" akacheka. "Hii inatoa uchovu wote. Hata kichwa kinachouma kila siku kinaisha."

Nilimuuliza amejifunza wapi. Akachomoa simu akanionyesha video: tabibu wa Marekani, mgonjwa amelala chali, na kipaza sauti kidogo kimebandikwa karibu na shingo ili mlio usikike sawasawa. Wengi wa wagonjwa kwenye video hizo husema wamekuja kwa ajili ya kichwa. Tiba yenyewe inaitwa kairopraktiki, na siku hizi huhitaji kupanda ndege kuifuata. Nairobi na Dar es Salaam kliniki zake zipo.

Ningemwachia kinyozi mambo yake kama hili lisingekuwa limeshaingia nyumbani kwetu.

Dada yangu mkubwa ana kipanda uso tangu akiwa sekondari. Watoto wake wanazijua dalili: mama akijifunga kanga kichwani kwa nguvu na kuvuta ndoo karibu na kitanda, redio inazimwa, mapazia yanashushwa, na hakuna wa kukaanga kitunguu siku hiyo. Lakini miaka ya karibuni kichwa kikabadili tabia. Kiliacha kuja na kuondoka, kikahamia kabisa. Si kikali kama zamani, ila kipo asubuhi, kipo jioni, kipo siku ya mtihani na siku ya harusi. Mapema mwaka huu akaenda kliniki moja ya kairopraktiki, ambayo sitaitaja. Akapigwa eksirei ya shingo, akaonyeshwa kwenye skrini kwamba shingo yake imenyooka, imepoteza upinde wake, na kwamba pingili zimehama na kubana neva. Akaandikiwa mahudhurio 24, na punguzo akilipa yote kwa mkupuo. Akalipa.

Na akapata nafuu. Hilo sitalificha, maana ndilo linaloufanya mjadala huu uwe mgumu. Baada ya miezi miwili siku za kuumwa zilikuwa zimepungua sana. "Mdogo wangu," aliniambia, "ni kama nimevuliwa kofia ya chuma." Sibishani na nafuu ya dada. Ninachobishania ni nani apewe sifa.

Tuanzie kwenye zile pingili zilizohama, kwa sababu neno hilo lina asili yake. Kairopraktiki haikuanza na kichwa, ilianza na sikio. Mnamo Septemba 18, 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, bwana mmoja aitwaye Daniel David Palmer, ambaye hadi wakati huo alikuwa akitibu watu kwa alichokiita nguvu za sumaku, alimsukuma pingili ya mgongo Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo alimokuwa na ofisi, aliyekuwa na uziwi. Palmer akasimulia kwamba Lillard alisikia tena. Neva ya kusikia hutoka sikioni na kuingia kwenye ubongo humohumo ndani ya fuvu; mgongoni haipiti kabisa. Lakini juu ya kisa hicho Palmer alijenga nadharia nzima, na kufikia 1910 alikuwa akiandika kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama.

Mwaka 2010 baraza linalosajili matabibu wa kairopraktiki Uingereza lilitamka lenyewe kwamba dhana hiyo ni ya kihistoria tu, na kwamba hakuna ushahidi wa kitafiti kuwa ndiyo chanzo cha magonjwa. Kwa haki niseme pia kwamba wengi wao wameshaitupa. Marekani wanapewa leseni katika majimbo yote 50 baada ya masomo ya miaka kadhaa, na kazi ya walio makini inafanana sana na ya fiziotherapia. Sifananishi watu hao na kinyozi wangu. Ila kwenye skrini ya kliniki ya dada pingili bado zinahama, na shingo iliyonyooka bado ni ugonjwa, wakati watu chungu nzima wasioumwa chochote wakipigwa eksirei shingo zao huonekana vivyo hivyo.

Halafu kuna ule mlio. Ndio unaouza tiba hii, wala si siri. Mgonjwa akisikia ka! anaamini kuna kitu kilikuwa kimetoka mahali pake na sasa kimerudi. Ukweli ni kwamba ni mlio uleule wa kualisha vidole. Ndani ya kiungo kuna ute wenye gesi iliyoyeyuka. Kiungo kikivutwa ghafla, uwazi wa gesi hujitokeza ndani ya ute huo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha picha za MRI za kidole kikivutwa hadi kikaalika, na uwazi huo ukaonekana ukizuka. Mfupa haukurudi popote, kwa sababu haukuwa umeondoka. (Kwa wale waliotishwa na bibi zao: daktari mmoja wa California, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wa kushoto pekee kwa zaidi ya miaka 60 ili kumjibu mama yake aliyemwonya kuwa atapata ugonjwa wa viungo. Mikono yote miwili ilibaki sawa. Mwaka 2009 akapewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.)

Sasa turudi kwenye kichwa, na hapa tusiharakishe. Tunasema "naumwa kichwa" kama tunavyosema "naumwa tumbo", lakini tumbo daktari hulibonyeza na kuuliza limeanza wapi, ulikula nini, umepata choo. Kichwa kinapewa Panadol. Madaktari wa neva huyaita maumivu ya kichwa kuwa sugu yakifika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu. Humo ndani mna magonjwa tofauti kabisa. Kipanda uso hugonga, mara nyingi upande mmoja, na huja na kichefuchefu na chuki ya mwanga na kelele. Maumivu ya mkazo hubana pande zote, kama kilemba kilichokazwa kupita kiasi, lakini mtu anaweza kuendelea na kazi. Na yapo yanayotoka shingoni kwelikweli: huanzia kwenye viungo vya juu vya shingo, hupanda kisogoni, pengine hadi juu ya jicho, na ukimwambia mgonjwa ageuke, upande huo shingo haiendi.

Hayo ya shingoni si hadithi. Neva za juu za shingo na neva kubwa inayohudumia uso hukutana kwenye kituo kimoja chini ya ubongo, kama daladala za njia mbili zinazoshushia abiria stendi moja. Ubongo unapokea abiria bila kujua katoka njia gani. Kwa hiyo kiungo cha shingo kikiuma, mtu anaweza kuhisi paji la uso. Tatizo ni kwamba mambo huenda kinyume pia: kipanda uso kikianza, shingo hukakamaa, wakati mwingine hata kabla kichwa hakijauma. Mgonjwa huapa kwamba chanzo ni shingo, na akienda kwa mtu ambaye kazi yake ni shingo, hatakuta wa kumbishia.

Je, kusukuma shingo kunasaidia? Jibu linategemea ni kichwa kipi, na majaribio yapo.

Kwa kipanda uso, jaribio ninaloliheshimu kuliko yote lilifanyika Norwei na kuchapishwa 2017. Mtafiti mkuu mwenyewe ni tabibu wa kairopraktiki, kwa hiyo tusiseme ni hila za madaktari. Wagonjwa 104 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. La kwanza lilipata kairopraktiki halisi, mahudhurio 12 katika wiki 12. La pili lilipata tiba ya kuigiza: tabibu yuleyule, kitanda kilekile, msukumo, lakini msukumo wenyewe ukiwa pembeni ya mfupa wa bega au makalioni, mahali ambapo hakuna nadharia inayosema panatibu kichwa. La tatu liliendelea na dawa zake za kawaida. Zaidi ya wanane katika kila kumi waliotibiwa waliamini wamepata tiba ya kweli, hata wale wa kuigiziwa. Siku za kipanda uso zilipungua katika makundi yote matatu. Miezi ilivyosonga, kundi la dawa likarudi lilikokuwa. Yale mawili mengine yakabaki na nafuu, na kati ya shingo iliyosukumwa kweli na bega lililosukumwa kwa maigizo hapakuwa na tofauti ya maana.

Hiyo ni habari ya ajabu kuliko "inafanya kazi" au "haifanyi kazi". Watu wale walipata nafuu, na nafuu ikadumu. Lakini haikutoka kwenye shingo. Labda ilitoka kwenye kulazwa kitandani na kusikilizwa, kwenye mkono wa mtu anayejiamini, kwenye kuwa na miadi kila wiki. Miaka karibu ishirini nyuma yake, 1998, jaribio la Denmaki kwa watu 75 wenye maumivu ya mkazo lilionyesha jambo la aina hiyo: waliokandwa misuli na kusukumwa shingo walipata nafuu, waliokandwa misuli na kumulikwa leza isiyofanya kitu nao wakapata nafuu, na msukumo haukuongeza chochote.

Kwa maumivu yanayotoka shingoni mizani inabadilika. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2018 lilihusisha watu 256. Waliosukumwa shingo mara 18 walishuka kutoka takriban siku 16 za maumivu katika wiki nne hadi takriban nane. Inapendeza, hadi ulinganishe na waliokandwa kidogo tu, ambao nao walipungukiwa: kila mahudhurio sita ya kusukumwa yaliongeza faida ya siku moja hivi. Yaani safari 18 kwa siku tatu. Kuna mtu atakayesema siku tatu bila maumivu ni mali, na simlaumu. Lakini tangu 2002 Australia walikuwa wameonyesha, kwa wagonjwa 200, kwamba mazoezi mepesi ya kuimarisha misuli ya ndani ya shingo na mabega yanapunguza maumivu ya aina hii sawa na tiba ya mikono. Mazoezi ukishafundishwa unafanya mwenyewe chumbani, na hayalipiwi kwa mkupuo.

Sasa hesabu ya hatari. Katika pingili za shingo kuna matundu madogo pembeni, na ndani yake hupita mishipa miwili inayopeleka damu nyuma ya ubongo. Inapofika pingili ya juu kabisa hujipinda kwa nyuma kabla ya kuingia kwenye fuvu, na hapo ndipo shingo inapozungushwa kwa nguvu mshipa huvutwa. Ukuta wake wa ndani ukichanika, damu huganda pale, na ganda likikatika likapanda juu ni kiharusi, mara nyingi kwa mtu ambaye bado kijana. Hutokea kwa nadra sana. Na bado watafiti wanabishana kuhusu nani alianza: utafiti wa Ontario, Kanada, wa 2008, uliochunguza viharusi 818 vya eneo hilo la ubongo, ulikuta wagonjwa walikuwa wamekwenda kwa kairopraktiki siku chache kabla, lakini vivyo hivyo walikuwa wamekwenda kwa madaktari wa kawaida. Tafsiri ya watafiti ni kwamba mshipa ulikuwa umeshaanza kuchanika, ukaleta maumivu ya shingo na kichwa, na maumivu ndiyo yaliyowapeleka kutafuta tiba.

Watetezi hupenda sana utafiti huo. Mimi naona unawageukia. Kama baadhi ya wanaoingia mlangoni wakilalamikia shingo na kichwa wamebeba mshipa unaochanika, basi watu hao ndio wa mwisho kabisa ambao ungetaka kuwazungusha shingo kwa ghafla. Chama cha Moyo cha Marekani kilisema mwaka 2014 kwamba uhusiano upo ingawa haijathibitishwa kuwa msukumo ndio chanzo, na kwamba mgonjwa aelezwe kabla. Dada yangu hakuelezwa. Wala wanaume wanaolala kwenye viti vya vinyozi hawaelezwi. Na wanawake wa saluni wasicheke: mwaka 1993 daktari mmoja wa Marekani aliripoti viharusi vitano kwa wanawake waliolaza shingo nyuma kwenye beseni la kuoshea nywele.

Kwa hiyo ukiuliza maoni yangu, ni haya: kwa kipanda uso na maumivu ya mkazo, ikiwa nafuu ileile inapatikana kwa mkono unaokanda bila kuzungusha shingo, sioni sababu ya kununua hatari hata iwe ndogo namna gani.

Lakini sijamaliza habari ya dada, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na kama walimu wengi huandika kila kitu. Nilimwomba tukae tukumbuke alikuwa akimeza nini kabla ya kwenda kliniki. Akafungua mkoba: parasetamoli, diklofenaki, na karatasi ya zile tembe zenye mchanganyiko wa aspirini na kafeini, iliyobaki na moja. "Hii sasa situmii," akasema, "naibeba kwa mazoea." Tukahesabu. Ilikuwa ni siku zaidi ya 20 kila mwezi, kwa miaka miwili.

Dawa za maumivu zenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Tembe za mchanganyiko zikimezwa siku 10 au zaidi kwa mwezi, au parasetamoli peke yake siku 15, kwa zaidi ya miezi mitatu, mtu mwenye kipanda uso anaweza kugeuka kuwa mtu wa kichwa cha kila siku. Kile kichwa kilichoacha kuondoka kikahamia. Tiba yake ya kwanza ni kuacha, na ukiacha kwanza kinazidi, siku kadhaa hadi wiki hivi, ndipo kinaanza kulegea.

"Kule kliniki walikwambia nini kuhusu dawa?"

"Waliniambia niache sumu zote siku ya kwanza. Na wiki ile, mdogo wangu, nilitaka kufa. Nililia darasani. Wakasema ni sumu inatoka."

Kumbe jambo moja walilifanya sawa, kwa sababu isiyo sahihi. Walimwachisha dawa. Miezi miwili baadaye kofia ya chuma ikavuka, na sifa zikaenda kwenye pingili.

Nimekereka nao, lakini nimekereka zaidi na sisi wengine. Kwa miaka ile miwili dada alipita zahanati na hospitali zaidi ya mara sita. Akapimwa malaria, akapimwa presha, akaandikiwa parasetamoli na diklofenaki. Hakuna aliyemuuliza anameza ngapi. Hakuna aliyemtajia propranolol au amitriptyline, dawa za zamani za kuzuia kipanda uso ambazo hata duka la dawa la kawaida linazijua. Propranolol imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hiyohiyo, ingawa mwenye pumu hapewi. Kairopraktiki ilimpa nusu saa. Ilimlaza, ikamshika shingo inayomuuma, ikamuuliza analalaje. Mtu aliyezoea kusukumwa nje ya chumba cha daktari baada ya dakika tatu hawezi kulaumiwa kwa kulipia hilo.

Yapo maumivu ambayo hayafai kusubiri mjadala huu, nayataja haraka: kichwa kinacholipuka ghafla kama hujawahi kuumwa vile, kichwa chenye homa na shingo ngumu, chenye mdomo kwenda upande au mkono kuishiwa nguvu, kichwa kipya kwa aliyepita miaka 50, na kichwa kisichoisha kwa mwenye VVU, ambaye lazima apimwe homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu. Hao wapelekwe hospitali siku hiyohiyo, na shingo zao asiziguse mtu.

Dada sasa ana daftari la mistari. Safu moja ni tarehe, ya pili kichwa, ya tatu tembe, analijaza kama rejista ya darasa. Mwezi uliopita kulikuwa na siku sita za kichwa na nne za tembe. Amepata pia daktari aliyemwanzishia amitriptyline usiku, dozi ndogo. Lakini alikuwa bado na mahudhurio tisa aliyokwisha kuyalipia, na kurudishiwa fedha haikuwezekana. Akanipigia simu kuniuliza afanyeje. Nikamwambia aende, akandwe mabega, afundishwe mazoezi ya shingo, ila aseme wazi kwamba shingo haizungushwi.

Alikwenda, akasema. Tabibu akamtazama, akauliza ni nani kamwogopesha, kisha akakubali. Bei haikubadilika.